Mbegu Kwenye Kioo cha Mjane

Siku yangu ya kwanza kazini nililia kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, na viganja vyangu bado vina hina ya arusi ya dada yangu. Fundi Mkuu wa Maabara, mtu wa Pangani, mfupi, suruali yake imenyooshwa kwa pasi mpaka mstari unakata, alinikalisha kwenye kigoda mbele ya hadubini, chombo kile kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho.

"Funga jicho moja. Tazama. Unaona nini?"

"Funza, Fundi."

"Funza gani?"

"Wadogo sana. Wana mikia. Wanakimbia huku na huku kama wamefukuzwa."

"Hao si funza, Binti Salum. Hata wewe ulianza ukiwa na mkia."

Nilipoelewa kwamba natazama shahawa za mtu aliyekuja kupimwa kwa sababu hapati mtoto, na kwamba mtu mwenyewe amekaa pale barazani anazungusha kofia mikononi, machozi yalinitoka. Nimelelewa katika nyumba ya fundi cherehani, Shinyanga mjini, ambamo bibi alikuwa akitutoa chumbani watu wazima wakizungumzia mbuzi aliyepandwa. Jioni bibi aliniuliza nimefundishwa nini. Nikamwambia kutazama damu na choo. Akasema, "Alhamdulillahi, kazi ya halali." Habari ya mikia sikuitaja.

Nyinyi vijana wa maabara za leo mnaweka damu kwenye mashine, mashine inatoa karatasi. Sisi mashine ilikuwa jicho. Msaidizi wa maabara alitafuta malaria kwenye damu, mayai ya kichocho kwenye mkojo, vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi, vyote kwenye slaidi, yaani kipande cha kioo chembamba. Unapaka kitu chako juu ya kioo, unakikausha, unakitumbukiza kwenye chupa ya rangi, unakisuuza, unakiweka chini ya lenzi. Bila rangi huoni kitu, ni kama kutafuta maji ndani ya maji. Hadubini yetu ilikuwa na kioo cha kumulikia chini yake. Ulikigeuza mpaka kikadaka jua, na siku ya mawingu uliomba Mungu.

Fundi Mkuu alinifundisha kwa miaka minne. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaiota: "Andika unachokiona. Usiandike unachokidhani." Nilimpenda kama baba, ingawa alikuwa akinicheka kwa kuota ndoto mchana. Ni kweli nilikuwa naota. Niliwaza kwamba siku moja nitaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, redio itatangaza jina langu, na bibi ataita majirani waje wasikilize.

Kisha nikahamishwa. Nilipelekwa hospitali ndogo katika ukanda wa dhahabu upande wa Geita, ambayo jina lake naliacha. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, na mfanyakazi wake nilikuwa mimi peke yangu. Wachimbaji walitoka kila pembe ya nchi, wengine na wake zao, na wengi walikuja kwa shida ya uzazi. Mganga Mkuu akapanga Alhamisi iwe siku yao. Alhamisi hiyohiyo ilikuwa siku ya kina mama wanaotokwa na damu isiyo na mpangilio. Hao Mganga Mkuu aliwachukua utando kidogo kwenye mlango wa kizazi kwa kijiti bapa cha mbao, akaupaka kwenye kioo, akaniletea nitafute seli zilizoharibika. Seli ni vile vyumba vidogo vidogo ambavyo mwili umejengwa navyo. Iliyo nzima ni pana, na kiini chake katikati ni kidogo kama punje ya mtama. Iliyoingiwa na kansa kiini chake kimevimba, kimekuwa cheusi, kimejaza chumba kizima.

Mganga Mkuu alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyesomea ng'ambo. Alisoma majarida ya udaktari huku anakula mhogo wa kuchemsha, na makombo yakabaki kwenye kurasa. Siku moja aliingia maabara na jarida mkononi.

"Zaituni, umewahi kuona mbegu ya kiume imeshikana na seli ya mlango wa kizazi?"

"Bado, Daktari."

"Kuna wataalamu wanajiuliza. Mbegu imeumbwa iingie kwenye yai. Je, ikipotea njia ikaingia kwenye seli ya kawaida ya mwili? Imebeba maagizo ya mtu mwingine. Seli yenye maagizo ya watu wawili itamsikiliza nani?"

"Itachanganyikiwa."

"Na iliyochanganyikiwa ikianza kuzaana?"

"Ndiyo kansa?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Ndiyo maana nakwambia utazame. Ukiona, niandikie."

Tangu siku ile sikutazama kioo kama zamani. Alhamisi ya tatu nikaona. Juu ya seli yenye kiini kilichovimba kulikuwa na kichwa kidogo cha rangi ya zambarau, kimechongoka kama mbegu ya ufuta, na mkia wake umelala pembeni. Niliinua kichwa, nikafikicha jicho, nikarudi. Bado kipo. Alhamisi iliyofuata nikaviona kwa wanawake wawili, na iliyofuata tena kwa wengine wawili. Nilikimbia na koti langu jeupe mpaka wodini kumwita Mganga Mkuu. Yeye naye alitazama, akasema, "Endelea kuandika." Siku hiyo nilirudi chumbani kwangu naimba. Akilini nilimwona bibi yangu amekaa karibu na redio.

Ndipo akaja Mama Masanja.

Alikuwa mjane wa Kisukuma, mtu mzima ambaye damu ya mwezi ilikwisha kukoma miaka mingi, lakini sasa ilikuwa imeanza kutoka tena. Mumewe alifariki zamani. Mdogo wa marehemu alitaka kumrithi kwa desturi ya wakati huo, akakataa. Alisema yeye habari za wanaume amezimaliza, atalea wajukuu katika mji wa mumewe. Walimkubalia kwa heshima, na ile heshima ndiyo ilikuwa mali yake. Alikuja hospitali na watu wawili: mwanawe Masanja, na huyohuyo shemeji yake, ambaye Masanja alimwita baba mdogo.

Kioo chake kilinishtua mara mbili. Kwanza seli zilikuwa mbaya, viini vyeusi vimejaa. Pili, mbegu za kiume zilikuwapo, na si moja. Nilijua ni mjane. Nilijua alichosema juu ya wanaume, maana muuguzi alinihadithia. Nikakaa na kalamu mkononi. Kisha nikaikumbuka kanuni ya Fundi Mkuu, nikaandika ninachokiona, kwa Kiswahili safi: "Seli zenye dalili za kansa. Mbegu za kiume zimeonekana."

Kwa utaratibu wa pale, mgonjwa alibeba fomu yake mwenyewe kuipeleka kwa daktari. Mganga Mkuu alikuwa chumba cha upasuaji, wakaambiwa wasubiri barazani, chini ya dirisha langu. Mama Masanja hakujua kusoma. Masanja alijua, ila alikuwa amejifunza mwaka uleule kwenye kisomo cha watu wazima, na mtu aliyejua kusoma ukubwani haachi karatasi ikampita. Nilimsikia anaisoma, silabi kwa silabi, kidole kinatembea. Naona haya kusema, lakini nilifurahi. Nilijisemea, mwandiko wangu unasomeka.

"Mbe-gu za ki-u-me zi-me-o-ne-ka-na."

"Rudia," alisema baba mdogo.

Akarudia, safari hii haraka zaidi, kisha sauti yake ikakatika katikati.

"Kwangu ulisema umemaliza," baba mdogo alimwambia mama yule. Hakupandisha sauti. "Kumbe ulichokikataa ni nyumba yetu."

"Shemeji, sijui karatasi hiyo inasema nini."

"Inasema ulichofanya."

Alichukua fimbo yake akaondoka. Masanja aliikunja fomu, akampa mama yake bila kumtazama, akamfuata baba mdogo. Mama Masanja alibaki kwenye benchi na karatasi mkononi, kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Mganga Mkuu alipotoka kwenye upasuaji hakumkuta mtu.

Wiki ya pili aliniuliza, "Yule mama yuko wapi? Ugonjwa wake bado uko mahali pa kukatwa. Nilitaka nimwandikie barua ya Mwanza. Akichelewa, kisu hakitamfaa."

Muuguzi aliyekuwa anatoka vijiji vile ndiye aliyejibu. Alisema Mama Masanja ametolewa kwenye nyumba yake, anakaa kwenye kibanda pembeni ya zizi, anapikiwa mbali na wajukuu. Amesema hospitali hatakanyaga tena. Bora ugonjwa, maana ugonjwa haujui kusema.

Na mimi nilifanya nini? Hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Nilimsikitikia, usiku sikulala vizuri, lakini nilikiamini kioo. Niliwaza: maskini mama, kumbe alikuwa na mtu wake, nani amlaumu? Tena moyoni nilimhesabu kwenye ugunduzi wangu. Huruma niliyokuwa nayo haikunituma hata siku moja kujiuliza kama aliyekosea ni mimi.

Wiki tano baada ya siku ile Fundi Mkuu alikuja kutukagua kutoka Shinyanga. Nilimpokea kama mtoto anayempokea mzazi. Kabla hajanywa chai nilimwonyesha vioo vyangu vyote, nikamweleza habari za mbegu kuingia kwenye seli, na kansa, na Mganga Mkuu na jarida lake. Alisikiliza. Akatazama kioo cha Mama Masanja, kidole chake kikichezesha skrubu ndogo ya hadubini, ile inayoinua na kushusha lenzi kwa unywele.

"Tazama ninavyofanya," alisema. "Seli zinaonekana vizuri. Napandisha kidogo. Seli zimefifia, mbegu ndizo zinaonekana vizuri. Maana yake nini?"

"Haziko mahali pamoja."

"Haziko ghorofa moja. Hawa hawakuingia kwa mtu. Wamelala juu ya paa." Alijifuta jicho. "Vioo vyako vyote vya mbegu ni vya siku gani?"

"Alhamisi, Fundi."

"Na shahawa unapima lini?"

"Alhamisi."

"Rangi unatumia chupa ngapi?"

Nilieleza kwamba rangi ni adimu kama sukari, kwa hiyo nina chupa moja kwa vioo vyote, vya wanaume na vya wanawake, na ikichafuka naichuja kwa kipande cha kanga. Nilisema kwa fahari, maana nilidhani atasifu ubanaji wangu. Alichukua kioo kipya, hakupaka kitu chochote, akakitumbukiza kitupu hivyo kwenye chupa yangu. Akakisuuza, akakikausha, akakiweka chini ya lenzi, akakitafutatafuta kwa subira. Kisha akaniachia kigoda.

Kwenye kioo kile hakukuwa na seli hata moja. Kulikuwa na vichwa vitatu vya zambarau, na mikia yao.

"Haya, Binti Salum," aliniuliza polepole. "Kioo hiki mume wake ni nani?"

Sikuwahi kushtuka vile kabla ya siku ile, wala baada yake. Nilikaa sakafuni na koti langu jeupe. Mbegu zilikuwa zinabanduka kwenye vioo vya wanaume asubuhi, zinaogelea kwenye rangi, zinanata kwenye vioo vya wanawake mchana. Mama Masanja alikuwa msafi kama alivyosema.

Mganga Mkuu alipoambiwa aliweka mikono kichwani. "Na mimi niliziona nikafurahi," alisema. "Nami nina hatia. Tuandike barua."

"Barua ataisoma nani, Daktari?" Fundi Mkuu alimuuliza. "Kuna mtu alisoma ya kwanza akaiamini. Ya pili watasema watu wa hospitali wanafichiana. Aende aliyeandika. Na aende na chombo chake."

Asubuhi yake tukaenda kwa gari la hospitali, mimi nimepakata hadubini kama mtoto mchanga. Njiani nilimwomba Fundi Mkuu aseme yeye, kwa kuwa mimi ni msichana sijaolewa, na pale kutakuwa na wazee. Akasema, "Leo mimi ni mpagazi tu."

Nyumbani kwa kina Masanja tulikuta wazee wanne, baba mdogo katikati, Masanja amesimama nyuma yao. Nilipiga magoti, nikawasalimu kwa Kisukuma kwanza.

"Mwangaluka, baba. Shikamooni."

"Marahaba. Umeleta karatasi nyingine?"

"Hapana, baba. Nimeleta kosa langu."

Niliomba kinu, nikakipindua, nikaweka hadubini juu yake, nikageuza kioo cha kumulikia mpaka jua likaingia. Nikampa baba mdogo slaidi mpya na maji. Nikamwomba aioshe kwa mkono wake, aifute kwa nguo yake, aitumbukize mwenyewe kwenye chupa yangu ya rangi. Alifanya hivyo kwa madaha, kama mtu anayemvumilia mwendawazimu. Nikatafuta, nikaona, nikamwachia nafasi. Ilimchukua muda kujua namna ya kuweka jicho. Kisha akatulia.

"Hivi vyenye mikia ni nini?"

Wazee wote walikuwa wananitazama. Nilimfikiria bibi yangu. "Ni mbegu za kiume, baba."

Mzee mmoja aliguna akatazama pembeni.

"Za nani?"

"Sijui, baba. Za mtu yeyote aliyepimwa. Zimo kwenye chupa yangu."

"Kioo hiki nimekiosha mimi."

"Ndiyo, baba."

"Hakijagusa mwanamke."

"Hakijagusa, baba. Na zile za kioo cha Mama Masanja zilitoka hapohapo. Niliandika nilichokiona, lakini sikujua kimetoka wapi. Hakuna mwanamume. Hakuwapo."

Baba mdogo alibaki ameinamia kinu. Masanja akamsogeza kwa bega bila kuomba radhi, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, na nilipoona mgongo wake unatikisika nikajua analia, nikageuka nisimwone. Ndipo nilipomwona Mama Masanja. Alikuwa ametoka kwenye kile kibanda, amekonda, kanga imefungwa kiunoni mara mbili. Alikuwa amesikia yote.

Alikuja, akamgusa mwanawe aondoke, akainama akaweka jicho.

"Hiki ndicho kilichonitoa nyumbani kwangu," alisema.

"Nisamehe, mayu," nilisema, yaani mama kwa lugha yao.

Aliinuka, akanitazama usoni, akauliza swali ambalo sikulitegemea, wala Fundi Mkuu hakulitegemea, maana nilimsikia akivuta pumzi.

"Na ugonjwa, binti? Nao ulikuwa kwenye chupa?"

Aliuliza kwa tumaini. Nilitamani kusema ndiyo. Nilikuwa na maneno mazuri tele mdomoni. "Sijui, mayu," nilimwambia. "Twende tukapime upya, na rangi mpya, kioo chako peke yake."

"Nitakwenda," alisema. Akamgeukia shemeji yake. "Lakini kwanza nirudishie mlango wangu."

Baba mdogo alikwenda kuutoa mti uliokuwa umefungwa kukinga mlango wa nyumba ya mama yule. Kisha yeye mwenyewe akabeba mkeka na chungu cha Mama Masanja kutoka kibandani, vitu ambavyo mwanamume wa Kisukuma wa rika lake habebi, akaviingiza ndani.

Tulirudi naye hospitali, Mganga Mkuu akamchukua utando upya, na Fundi Mkuu akatugawia nusu ya rangi aliyokuja nayo. Nilikipaka rangi kioo kile kipya, nikasoma Ayatul Kursi yote, nikamwomba Mungu seli ziwe nzima. Nilitazama. Hapakuwa na mkia hata mmoja. Viini vyeusi vilikuwapo, vilevile, vimejaa vyumba. Nilikuwa nimepatia pale pekee nilipoomba niwe nimekosea.

Akapelekwa Mwanza na Masanja. Wakamfanyia upasuaji, akarudi, akaishi miaka mitatu na miezi kadhaa, katika nyumba yake, na wajukuu. Nilimtembelea kila nilipopata likizo. Alinikaribisha kwa maziwa ya mgando na kunitania kwamba nitaolewa na hadubini. Hakunilaumu hata mara moja, na ningependa angenilaumu.

Baadaye nilirudishwa Shinyanga, nikakalia kigoda cha Fundi Mkuu alipostaafu. Nilipokea vioo vya wanawake kutoka Kolandoto hadi machimbo ya Mwakitolyo, na hakuna fomu ya maabara yangu iliyopitia barazani tena; kila moja niliipeleka mimi kwa daktari. Miaka ya themanini inaelekea ukingoni, mganga mmoja kijana alituambia kwamba anayeshukiwa sana kwa kansa ile ni kirusi kinachopita kati ya mwanamume na mwanamke, na kwamba mbegu yenyewe haijathibitishwa kuwa na kosa. Leo mabinti wanachanjwa shuleni wasikipate. Bado wapo wanaochunguza mbegu hufanya nini zikikutana na seli za mwili, na nawatakia heri. Lilikuwa swali zuri. Ningelipenda maisha yangu yote kama lisingemuumiza mtu.

Vijana wa maabara wanapokuja kunisalimia huniuliza kama wiki zile tano ndizo zilizompunguzia maisha Mama Masanja. Nilipata kumuuliza daktari wa Mwanza. Alisema ugonjwa ulikuwa umesogea, lakini hawezi kuapa ulisogea lini, pengine kabla, pengine katika wiki hizo. Alidhani ananifariji. Nimestaafu, nina wajukuu, afya ninayo, na usiku nalala. Jibu la swali hilo sijalipata, na sasa najua kwamba sitalipata.